OTC haikingi homa ya nguruwe, na mharo wa watoto hauanzii kwenye chupa ya dawa

Swali la mfugaji wa Kasulu: Shikamoo daktari. Nafuga nguruwe hapa Kasulu, nina majike matatu na watoto 26. Kila nikiwaachisha kunyonya, siku ya tatu ya nne wanaanza kuharisha na wengine wanakufa. Zamani nilikuwa nachoma OTC (ile antibayotiki ya oksitetrasaikilini) mililita 2 kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, wanapona. Sasa hivi haifanyi kitu. Jamaa wa dukani kanishauri nichanganye rangi mbili, zile kapsuli za antibayotiki za binadamu, kwenye pumba kila siku iwe kinga. Afu kuna jirani nguruwe wake sita wamekufa ndani ya wiki moja, masikio mekundu, watu wanasema ni homa ya nguruwe. Je nikiwachoma wangu OTC mapema watakingwa? Na wale wakubwa niwauze haraka kabla hawajaumwa?

Jibu:

Marahaba ndugu yangu. Umeuliza mambo matatu kwa mpigo, naomba nianze na la mwisho maana ndo lenye moto, mharo wa watoto unaweza kusubiri aya kadhaa lakini jirani aliyepoteza nguruwe sita ndani ya wiki hasubiri.

OTC haikingi homa ya nguruwe. Wala haitibu. Ile homa inaletwa na kirusi, na OTC kazi yake ni kuziba kile kimtambo ambacho bakteria anatumia kutengeneza protini zake, sasa kirusi hakina mtambo wake, kinaingia kwenye seli ya nguruwe na kutumia mtambo wa mwenye nyumba, kwa hiyo unaweza kumjaza nguruwe OTC mpaka imtoke masikioni na kirusi kikaendelea na shughuli zake kama hakijaona kitu. Ugonjwa huu uliandikwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1921 hapo Kenya, na daktari mmoja anaitwa Montgomery, mwaka 2007 ukaingia nchi ya Georgia, mwaka 2018 ukafika China ambako wakati huo palikuwa na karibu nusu ya nguruwe wote wa dunia, na hao wote na hela zao na maabara zao hawajapata dawa ya kuutibu. Ingekuwa OTC inauweza, wenye maduka ya mifugo wa Kasulu wangekuwa wanaishi ghorofani.

Chanjo nayo hapa kwetu hakuna ya kwenda kununua dukani. Akija mtu na kichupa hakina lebo anasema ni chanjo ya homa ya nguruwe, mwambie akaanze kuchoma wa kwake.

Na kibaya zaidi ni kwamba hiyo sindano ya "kinga" inaweza yenyewe kukuletea ugonjwa. Hapa nikwambie kitu ambacho sipendi sana kukisema. Nilipoanza kazi huku Tabora, upande wa Urambo, niliitwa kijiji kimoja nguruwe wanakufa, na mi kijana nimetoka chuo juzi nataka nionekane nafanya kazi. Nikapita banda hadi banda na bomba moja la mililita 20 na sindano moja, nikimaliza huyu nafuta na pamba naenda kwa mwingine, buti zilezile, ovaroli ileile. Banda la kwanza lilikuwa na wagonjwa. Banda la nne walikuwa wazima kabisa, wanagombania pumba, mama mwenye nao akanikaribisha karanga za kuchemsha nikala nimesimama pale mlangoni. Siku kama kumi hivi zilizofuata wale wa yule mama waliisha wote. Siwezi kuapa kwamba ni mimi niliyewapelekea, ila nguruwe mwenye homa hii damu yake imejaa virusi, tone linalobaki kwenye sindano linatosha, na ugonjwa unachukua siku 4 mpaka 19 kujitokeza, we piga hesabu mwenyewe. Mi nilishapiga, na karanga za kuchemsha hazijawahi kuninogea tena.

Kwa hiyo akija mtu kukuchomea na ametoka kwa jirani yako, usifungue mlango, hata akiwa na koti jeupe.

Sasa najua kuna mtu hapo kijijini atakwambia "mbona wangu walikuwa wekundu nikawachoma Penstrep wakapona?" Na huenda hasemi uongo. Kuna ugonjwa mwingine unaitwa erisipela, huo ni wa bakteria, nguruwe anapata homa kali, anagoma kula, na ngozi inatoa madoa mekundu yaliyoinuka, ukipitisha kiganja unayasikia kabla hujayaona, mengi yana umbo la uru kwenye karata. Huo penisilini, ambayo imo kwenye Penstrep, inauweza vizuri sana, kesho yake au keshokutwa nguruwe anasimama anatafuta chakula. Jamaa akishaona hivyo anatangaza mtaa mzima kwamba ametibu homa ya nguruwe, na kila mtu anakimbilia bomba. Homa ya nguruwe yenyewe wekundu wake unasambaa kama wino, masikio, tumbo, mapaja, unaenda kwenye zambarau, wanalaliana pembeni kama wanasikia baridi, wengine wanatokwa damu puani au kinyesi cha damu, na wanakufa wakubwa kwa wadogo. Sita ndani ya wiki moja kwenye banda moja, mi moyo wangu unaegemea huko, lakini macho siyo maabara. (Ukimshika mwenye madoa ya uru na mkono wako una kidonda, vaa glavu, erisipela inaingia kwa binadamu pia, wachinjaji wanaijua kwenye vidole.)

Kinachotakiwa ni sampuli. Mwambie jirani yako, au mwambie we mwenyewe afisa mifugo wa kata, aende kwa daktari wa mifugo wa wilaya, wachukue damu au kipande cha bandama, TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, wana kituo chao hapa Tabora kwa ajili ya kanda yetu hii ya magharibi. Najua watu wanaogopa kutoa taarifa maana ikithibitishwa inakuja karantini na nguruwe hawatoki wala hawaingii, lakini kutoa taarifa ni lazima kisheria, Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 ipo, na mtu anayeficha anamchimbia shimo kila mwenye banda kuanzia hapo mpaka Buhigwe.

Kuuza haraka sasa. Hapa ndo naomba unielewe vizuri kwa sababu najua hela ni hela na ada za shule hazijui homa ya nguruwe. Binadamu haumwi ugonjwa huu, mla kiti moto hatadhurika na kirusi. Shida ni kile kinachobaki. Kirusi hiki kinakaa kwenye nyama miezi, ikiwa kwenye friza ndo usiseme. Nguruwe wako anayeonekana mzima leo akiwa tayari amebeba ugonjwa anachinjwa, damu inamwagwa, mifupa na maji ya kuoshea sahani yanaingia kwenye ndoo ya makombo, ndoo inanunuliwa na mfugaji mwingine, hata wewe mwenyewe mwezi ujao unaweza kuinunua. Huu ndo mzunguko unaomaliza nguruwe kwenye miji yetu. Watu wanapenda kulaumu ngiri, na kweli ngiri wa huko mapori ya Moyowosi na Ugalla wanaweza kuwa na kirusi bila kuumwa, na papasi wanaokaa kwenye mashimo yao wanakihifadhi, lakini niambie lini ngiri alipita mtaani kwako Kasulu. Kinachopita ni bodaboda iliyobeba nguruwe.

Kwa hiyo usiuze, usinunue, usiazime dume. Fungia ndani wote, wasizurure. Mtu anayewalisha awe mmoja na awe na viatu vya bandani ambavyo havitoki nje ya uzio, hili peke yake linazidi dawa yoyote utakayomwaga. Pale mlangoni weka kidimbwi cha klorini cha kukanyagia, ila osha matope kwanza maana klorini ikikutana na mavi inaishiwa nguvu, watu wanakanyaga na buti zimejaa kinyesi wanajiona wamesafishika. Makombo ya hotelini acha kabisa kwa sasa. Siku utakayoyarudia yachemshe, yachemke hasa saa nzima huku unakoroga, siyo kuyapasha.

Haya, tuje kwenye watoto wako.

Mharo wa watoto wa nguruwe unasomwa kwa umri kwanza kabla ya rangi. Anayeharisha siku tatu za mwanzo mara nyingi hakupata maziwa ya kwanza ya kutosha na bakteria wa kinyesi amemuwahi. Anayeharisha wiki ya pili, kinyesi cha njano kama uji mzito, halafu ukichoma antibayotiki hakuna kinachobadilika, hapo shuku koksidia, hao ni vimelea na hawajali OTC wala Penstrep, dawa yao ni nyingine, inaitwa tolitrazurili, ya kunywesha. Wako wanaanza siku ya tatu ya nne baada ya kuachishwa, na hapo hadithi inajulikana dunia nzima: maziwa ya mama yalikuwa yanaleta kinga tumboni kila saa, umeyakata ghafla, tumbo halijazoea pumba, mtoto ana baridi na anapigana na wageni, na aina fulani za E. koli, bakteria wa tumboni, zilizokuwa zimekaa kimya zinapata karamu.

Karamu hiyo mara nyingi we ndo unaiandaa. Hujaniambia unawalisha nini ila kwa Kigoma naweza kukisia: pumba za mahindi, mashudu ya mise (kokwa za michikichi), na unga wa dagaa mwingi kwa sababu dagaa wapo na mtu anataka watoto wakue haraka. Protini nyingi ambayo tumbo la mtoto haliwezi kusaga inashuka chini inakuwa chakula cha E. koli. Punguza dagaa wiki mbili za kwanza baada ya kuachisha, na kama ni dagaa wa chumvi waoshe kwanza. Anza kuwaonjesha chakula wakiwa na siku kama 10 hadi 14 huku bado wananyonya, kiganja kimoja kwenye sahani ya chini, kikibaki jioni kitoe. Siku ya kuachisha mtoe mama, watoto wabaki kwenye banda lao walilolizoea, usichanganye watoto wa majike tofauti siku hiyohiyo. Wape chakula kidogo mara nne tano kwa siku kuliko kujaza hori mara moja. Na usiwaachishe mapema, wiki nne ni za watu wenye mabanda ya joto na chakula cha kiwandani, kwa mazingira yetu mi nasema wiki sita. Kasulu kule juu usiku wa Juni na Julai baridi inauma, sementi tupu inamfyonza mtoto joto lote, weka nyasi kavu nyingi kona moja mpaka uwaone wanazama.

Aliyeanza kuharisha kinachomuua haraka ni maji kuisha mwilini. ORS ya watoto wa binadamu inafaa, au lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, ikae mbele yao muda wote, na asiyeweza kunywa mnyweshe kidogokidogo kwa bomba lisilo na sindano. Nimeona watoto wanachomwa sindano tatu kwa siku banda halina hata maji ya kunywa. Na wakizaliwa wengine, siku ya tatu wapate sindano ya madini ya chuma, miligramu 200, maziwa ya nguruwe yana chuma kidogo mno, mtoto mweupe asiye na damu kila ugonjwa ni wake.

Sasa hiyo mililita 2 "mkubwa kwa mdogo". Hapa ndo nilicheka kidogo, samahani, siyo kwa dharau, ni kwamba nimeiona kila mahali. OTC ya asilimia 20 ile ya muda mrefu ni mililita 1 kwa kilo 10. Mtoto wako aliyeachishwa ana kilo 7 au 8, mililita 2 ni zaidi ya mara mbili ya dozi yake. Jike chukua mkanda wa fundi cherehani, zungusha kifua nyuma ya miguu ya mbele, tuseme mita 1.2, pima urefu kuanzia katikati ya masikio mpaka mwanzo wa mkia, tuseme mita 1.3. Zidisha 1.2 kwa 1.2 kwa 1.3, halafu zidisha kwa 69.3, unapata kama kilo 130. Huyo anahitaji mililita 13, tena ugawe sehemu mbili za shingo maana usizidishe mililita 10 sehemu moja. We ulikuwa unampa mbili. Dozi kama hiyo inawaua bakteria dhaifu, wale wagumu wanabaki na banda zima linakuwa lao, na miaka miwili baadaye unaniandikia kwamba OTC haifanyi kitu. E. koli wa nguruwe kuizoea OTC siyo ajabu hata kidogo, dawa hiyo imetumika sana miaka mingi, na bakteria wana tabia ya kupeana vinasaba vya usugu kama watu wanavyopeana moto wa kuwashia jiko. Na soma chupa, asilimia 10 na asilimia 20 hazichomwi ratiba moja, ile ya 10 ni kila siku kwa siku kadhaa, ile ya 20 unachoma na ukirudia ni baada ya siku tatu.

Rangi mbili kwenye pumba, hapana. Nguruwe mgonjwa hali, si ndo dalili ya kwanza unayoiona? Kwa hiyo dawa iliyo kwenye pumba inaliwa na wazima wenye hamu, mgonjwa analamba kidogo, na kila mmoja kapata dozi yake asiyoijua mtu. Afu ile ni dawa ya mtoto wako wa nyumbani siku akipata nimonia. China walikuwa wanawapa nguruwe antibayotiki inaitwa kolistini kwenye chakula wakue haraka, mwaka 2015 watafiti wakatangaza wamekuta kwenye nguruwe na nyama na hata kwa wagonjwa hospitalini bakteria wenye kinasaba cha kuizuia kolistini, kinasaba kinachohamahama, na hiyo ni dawa ambayo hospitali wanaikimbilia nyingine zikishashindwa, mwaka 2017 wakaipiga marufuku kwenye chakula cha mifugo. Umoja wa Ulaya ulishakataza antibayotiki za kukuzia tangu Januari 2006. Denmark walitangulia, mwaka 2000 walikuwa wameshaziacha hata kwa watoto wa nguruwe, na unajua nini kiliwapata? Mharo wa kuachisha, huohuo wako. Ikabidi wahangaike na chakula, umri wa kuachisha na usafi, na bado ni moja ya nchi zinazouza nguruwe wengi duniani. Nakutajia siyo ili ujilinganishe na Denmark, ni ujue kwamba hata wao hawakupata njia ya mkato.

Kama bado watoto watakufa baada ya kurekebisha chakula na joto, usibadilishe dawa kwa kubahatisha. Chukua kinyesi cha mtoto ambaye hajachomwa kitu chochote, kwenye kichupa safi, kipelekwe maabara waoteshe bakteria waone ni dawa ipi inamuua. Na ukichoma, maliza siku zilizoandikwa hata kama nguruwe kachangamka siku ya pili.

La mwisho, hukuliuliza lakini nalisema kwa sababu ulitaja kuuza. Nguruwe aliyechomwa OTC ya muda mrefu haendi buchani kesho, lebo nyingi zinasema siku 28, na aivamektini ya upele na minyoo nayo ni wiki kadhaa, soma karatasi iliyo ndani ya boksi. Andika kwenye daftari tarehe, nguruwe yupi, dawa gani, kiasi gani. Daftari la mia tano linatosha.

Kesho asubuhi, kabla hujafanya chochote, mpigie afisa mifugo wa kata kuhusu jirani. Halafu chukua kipimajoto, weka kwenye njia ya haja kubwa dakika mbili kwa kila jike, kwa nguruwe mzima utakuta kwenye 39 hivi, ukikuta 40.5 kwenda juu na kagoma kula niandikie hiyohiyo asubuhi, usisubiri masikio yabadilike rangi. Na nitumie vile vipimo vya mkanda tukokotoe pamoja, jike wa kwanza huwa anapiga teke, anza na yule mpole.